Tukio Lisilokubali Kuwa Zamani

Mhadhara kuhusu tiba ya mwendo wa macho, uliotolewa mjini Mwingi mbele ya walimu, wahudumu wa afya, viongozi wa dini na wananchi

Najua wapo walioacha ndengu zikiwa zimeanikwa uani na mawingu yametanda, kwa hiyo muda wenu nauheshimu.

Kabla sijatamka neno lolote la kitaalamu, naomba tusimame kimya kwa dakika moja kwa ajili ya Enziu.

Asanteni. Ketini.

Jumamosi ya tarehe 4 Desemba 2021, basi lililowabeba wanakwaya wa Kanisa Katoliki la hapa Mwingi lilikuwa likielekea harusini, upande wa Nuu. Mto Enziu ulikuwa umefurika. Basi liliingia majini, likasukumwa na mkondo, likaegemea upande, likazama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Waliosimama ukingoni waliona yote bila uwezo wa kufanya jambo, na kabla ya jua kuchwa Wakenya wengi walikuwa wamekwisha kuona pia, maana video ilipita simu hadi simu. Miili ilizikwa. Lakini picha ile iliyoingia machoni, nani aliizika?

Kusudi langu leo ni kueleza tiba moja ambayo kazi yake ni kuizika picha ya namna hiyo. Ulimwenguni inajulikana kwa herufi nne, EMDR; mimi nitaiita tiba ya mwendo wa macho. Nitasema ilikotoka, namna inavyofanywa, kwa nini inasaidia, inapokomea, na kwa nini naamini inapaswa kumfikia mtu wa Nuu, wa Ngomeni na wa Tseikuru bila yeye kulazimika kupanda basi hadi Nairobi.

1. Kiwewe ni tukio lililokwama

Mwana wa Kitui, Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka 1931, alichapisha mwaka 1969 kitabu kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, akayafanya istilahi. Sasa ni wakati tunaouishi, pamoja na yale yaliyo karibu nasi. Zamani ni wakati ule mpana ambako matukio yote huenda kutua. Wasomi wamebishana naye sana, hasa kwa aliyoyasema kuhusu wakati ujao, na ubishi huo siuingii. Ninachokiazima kwake ni picha moja: tukio huishi kwanza katika Sasa, kisha hurudi nyuma polepole hadi linapoingia Zamani.

Kiwewe ni pale tukio linapoigomea safari hiyo. Mtu aliyefiwa kwa namna ya kawaida hulia, huzika, hukaa na watu, na siku zikipita husema, "Mwaka ule mama alipotutoka." Ameshaliweka mahali pake. Mwenye kiwewe hawezi kusema "mwaka ule." Akisikia breki za lori, ajali inatokea upya, leo, mbele yake. Mwili wake unatoa jasho la siku ile. Pua yake inanusa mpira ulioungua. Usiku ndoto inamrudisha palepale. Mchana anazunguka njia ndefu asipite pale mahali, anashtuka akiguswa bega, anamkaripia mtoto bila sababu, kisha anajichukia kwa kumkaripia.

Wataalamu wa ubongo wanatuambia kwamba sehemu inayoitwa amigdala hupiga king'ora cha hatari, na sehemu nyingine, hipokampasi, huipa kumbukumbu tarehe na mahali. Hofu inapozidi kiasi, king'ora hulia kupita kiasi na tarehe haiandikwi vizuri. Ndiyo maana kumwambia mtu huyu "hayo yamepita, yasahau" hakumfai. Masikio yake yanakusikia, ila mwili wake haujapata habari kwamba yamepita.

Niongeze jambo hapa, kwa sababu naona walimu wanaandika. Si kila aliyeona mabaya anaugua. Wengi hupona wenyewe katika wiki na miezi ya mwanzo, wakiwa na usingizi, chakula, watu wa kukaa nao na maziko yenye heshima. Tunayemzungumzia ni yule ambaye mwezi umepita, miezi imepita, na bado anaishi katika siku ile.

2. Namna tiba inavyofanywa

Mwaka 1987, mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, alikuwa akitembea katika bustani huko California akiwa na mawazo yaliyomsumbua. Akatambua kwamba mawazo yale yakimjia, macho yake yalikuwa yakienda huku na huku kwa kasi, na uchungu wake ukipungua. Akajaribu kwa marafiki, kisha kwa watu waliotoka vitani na waliobakwa. Utafiti wake wa kwanza, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuwa na watu 22 tu. Shapiro alifariki mwaka 2019, mwaka uleule aliofariki Mbiti wetu.

Tiba yenyewe ina hatua nane. Badala ya kuwasomea orodha, nitamleta mtu mmoja. Si mtu halisi. Nimemtunga ili nisimwanike yeyote aliye ukumbini. Ni mama anayeuza maembe kando ya barabara kuu, pale Kanyonyoo. Kijana alinunua maembe, mama akamrudishia chenji, kijana akavuka, lori likamgonga. Miaka miwili imepita. Mama ameacha biashara. Neno linalozunguka kichwani mwake ni hili: "Ningemcheleweshea chenji kidogo tu, angekuwa hai. Mimi ndiye niliyemuua."

Siku ya kwanza hatuyagusi macho kabisa. Mtaalamu anamsikiliza maisha yake, anauliza magonjwa, anauliza kama amewahi kutaka kujidhuru. Kisha anamfundisha kutulia: kupumua, na kuwaza mahali penye usalama. Mwingine atachagua chini ya mwembe wa kwao, mwingine kanisani. Hatua hii huenda ikachukua vikao kadhaa. Mtaalamu anayeiruka ni hatari, na nitairudia kauli hii baadaye.

Siku ya kazi yenyewe ikifika, mama anaombwa achague picha moja iliyo mbaya kuliko zote. Anachagua mkono wa kijana ukipokea sarafu. Angalieni, hakuchagua lori. Mara nyingi ndivyo ilivyo: kinachouma zaidi ni kitu kidogo ambacho mtu mwingine asingekidhania. Anataja neno analojisemea, "Mimi ndiye niliyemuua," na neno ambalo angependa kuliamini, "Sikuwa na namna ya kujua." Anaulizwa, kutoka 1 hadi 7, neno hili la pili analiona la kweli kiasi gani. Anasema 2. Anaulizwa, kutoka 0 hadi 10, picha ile inamuuma kiasi gani sasa hivi. Anasema 9. Inamuumia wapi? Anashika kifua.

Hapo ndipo mtaalamu anaponyanyua vidole viwili mbele ya uso wake na kuvipeleka kushoto na kulia. Mama anavifuata kwa macho tu, kichwa kimetulia, huku akiishika ile picha moyoni. Yapata nusu dakika. Vidole vinasimama. "Vuta pumzi. Unaona nini sasa?" Mama anajibu kwa maneno machache, pengine moja tu. "Endelea na hilo." Vidole vinarudi tena. Asiyeona, au anayeumwa na macho, hugongwa taratibu viganjani, kushoto na kulia, au husikilizishwa mlio sikio hili na lile.

Katika vipindi hivyo vya nusu nusu dakika, mawazo husafiri yenyewe. Mama anaona mkono. Kisha anasikia lori. Kisha analia. Kisha anamkumbuka kaka yake aliyezama kisimani yeye akiwa na miaka tisa, jambo ambalo hakuwa amelitaja. Kisha anasema, kana kwamba ameambiwa na mtu, "Lori lilitoka upande ambao mimi sikuwa nauona." Anaulizwa tena: inauma kiasi gani? 6. Tena: 3. Kikao kingine: 0 au 1. Hapo lile neno jema linapandikizwa mahali pa lile baya, mwili unapitiwa kuanzia utosini hadi nyayoni kuona kama kuna mkazo uliobaki, kikao kinafungwa kwa utulivu, na wiki inayofuata kazi inakaguliwa upya. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2018 unataja vikao 8 hadi 12 kwa kawaida.

Mama hajasahau. Bado anamjua kijana yule, na bado anamsikitikia. Ila sasa anaweza kusema "mwaka ule."

3. Kwa nini vidole vinavyokwenda huku na huku vimsaidie mtu?

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa, na ana haki ya kujibiwa. Swali lake waliliuliza maprofesa pia.

Maelezo ninayoyaona kuwa yenye nguvu zaidi yametafitiwa sana na wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi. Akili ina uwanja mdogo wa kazi wa wakati uleule. Mpe mama anayehesabu pesa za soko wimbo mpya wa kwaya auimbe papo hapo, na kimoja kitaharibika: ama hesabu ama sauti. Kushika picha ya kutisha akilini kunataka nafasi katika uwanja huo, na kufuata vidole kwa macho kunataka nafasi pia. Vyote viwili haviingii vikiwa vizima. Picha inapungua rangi, sauti inafifia. Nayo kumbukumbu ikitolewa ghalani hulegea kwa muda, kama udongo uliotiwa maji, kabla ya kukauka tena. Inaporudishwa ghalani, inarudi ikiwa katika hali ile ya kufifia.

Maelezo mengine yanatoka usingizini. Tangu mwaka 1953 tunajua kuwa kuna sehemu ya usingizi ambapo macho huenda huku na huku chini ya kope, na ndoto nyingi huja wakati huo. Robert Stickgold wa Harvard alipendekeza mwaka 2002 kwamba tiba hii huenda inaiamsha kazi ileile ya usiku, ya kupanga mambo ya mchana. Na mwaka 2019 watafiti wa Korea Kusini waliripoti katika jarida la Nature kwamba panya waliofundishwa kuogopa sauti fulani, wakipewa mwanga unaokwenda kushoto na kulia, hofu yao ilipungua kwa namna iliyodumu, na walionyesha njia ya ubongoni inayohusika. Panya si mama wa Kanyonyoo, lakini panya hadanganywi na maneno matamu ya daktari.

Wapinzani wapo, na hoja yao nawapa kwa haki. Mwaka 2001, uchambuzi wa tafiti nyingi ulisema tiba inasaidia, ila mwendo wa macho wenyewe hauongezi kitu; mtu anapona kwa sababu ameikabili kumbukumbu yake mahali salama. Mwaka 2013, uchambuzi mwingine wa Lee na Cuijpers ukasema mwendo wa macho unaongeza. Mimi naegemea huu wa pili. Hata hivyo, anayepona hatatuuliza ni nani aliyeshinda ubishi. Mwaka huohuo wa 2013, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba mbili za kisaikolojia kwa ugonjwa wa baada ya kiwewe, kwa watu wazima na kwa watoto: tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, na hii.

4. Tiba isiyomlazimisha mtu kusimulia

Hii kwangu ndiyo hoja kubwa ya leo.

Tiba nyingi za maongezi zinamtaka mgonjwa asimulie tukio lote, mwanzo hadi mwisho, tena na tena, na arudi nyumbani na kazi ya kuandika. Shirika la Afya Duniani lenyewe linaitofautisha tiba ya mwendo wa macho kwa hilo: haihitaji masimulizi ya kina, haihitaji kubishana na mgonjwa juu ya imani zake, haihitaji kazi ya nyumbani.

Fikirini maana yake kwetu. Mwanamume wa Kikamba aliyelelewa kwamba machozi ni ya watoto. Msichana aliyeharibiwa na mtu wa ukoo, ambaye akilitamka jina la mtu yule nyumba nzima itawaka moto. Mkulima wa mpakani, upande wa Ngomeni, aliyeona jirani akiuawa katika ugomvi wa malisho na wafugaji wa ngamia, na anaogopa kuwa akisema ataonekana anachochea. Bibi ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, na lugha ya uchungu wake ni Kikamba cha ndani ambacho daktari hakijui. Hawa wote tumekuwa tukiwaambia, "Sema, utapona." Nao wamenyamaza, tukadhani hawataki kupona. Kumbe tuliwawekea mlango ambao hawakuweza kuupita. Katika tiba hii mtu anaweza kusema "mkono," au "maji," na mtaalamu akaendelea naye. Siri inabaki ya mwenyewe.

Kwa watoto iko njia ya kundi, na walimu naomba mnisikilize. Kimbunga Pauline kilipoipiga Acapulco, Mexico, mwaka 1997, watoto walikuwa wengi na wataalamu wachache. Lucina Artigas na Ignacio Jarero, waliofanya kazi huko mwaka 1998, wakawafundisha kupishanisha mikono kifuani na kujigonga mabega taratibu, kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama kipepeo anayepiga mabawa, huku wakichora yaliyowatisha. Kumbatio hilo la kipepeo sasa linatumika duniani kote. Darasa zima linaweza kufanya pamoja, akiwepo mtu aliyefunzwa.

Mzee mmoja aliniuliza mlangoni kama hii si kilumi, ile ngoma yetu ya jadi ya uponyaji, kwa jina la kizungu, maana katika kilumi pia kuna mdundo, kuna mwili unaokwenda, kuna mtu anayesumbuliwa katikati ya watu wake. Nitamjibu kwa adabu: hapana, si kitu kimoja, na sitaki kukivisha kilumi nguo za California. Ila waliojua kwamba uchungu hukaa mwilini, na kwamba mwili ukisogezwa kwa mdundo jambo hulegea, walikuwapo hapa kabla ya mwaka 1987.

5. Mipaka

Kwa ufupi, lakini kwa mkazo. Kwenye simu zenu kuna video za nukta inayokwenda kushoto na kulia. Msimtibu mtu kwa nukta. Anayefungua kumbukumbu bila kujua kuifunga anamwacha mtu katikati ya mto. Wenye kifafa, wenye kupotewa na fahamu za walipo, na wenye mawazo ya kujiua wanahitaji daktari kwanza. Na mara baada ya msiba, msiwakusanye walionusurika kwa kikao kimoja cha kuwalazimisha wasimulie: mwongozo uleule wa Shirika la Afya Duniani wa 2013 unakataza. Wapeni maji, blanketi, taarifa za jamaa zao, na mtu wa kukaa nao.

6. Ngazi tunayoweza kuijenga

Nchi hii imekuwa na shule ngumu ya kiwewe. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliua watu 213 Nairobi. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, na barabara inayounganisha Garissa na Nairobi ni hii inayopita katikati ya mji wetu. Kila mara wataalamu walikuja, wakafanya kazi njema, wakarudi Nairobi. Mwaka 2020 kikosi kazi kilichoongozwa na Daktari Frank Njenga kilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yamezipa serikali za kaunti wajibu katika huduma hizi. Karatasi zipo.

Na mfano upo kwa jirani. Makueni, wakfu wa utafiti wa Profesa David Ndetei na Victoria Mutiso uliwafunza wauguzi wa vituo vya afya, wahudumu wa jamii, na hata waganga wa kienyeji na waombeaji, kuwatambua wenye maradhi ya akili na kuwapeleka kliniki, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Mganga, mchungaji na muuguzi walikaa meza moja. Uganda, katika kambi ya Nakivale, wakimbizi wenyewe walifunzwa tiba nyingine, ya masimulizi, wakawatibu wakimbizi wenzao wakapona. Kwa hiyo hatusubiri madaktari wa akili mia moja.

Napendekeza ngazi ya vidato vitatu. Chini, mhudumu wa afya ya jamii, mwalimu na katekista, wanaojua dalili na kujua kutomlazimisha mtu kusema. Katikati, muuguzi na mnasihi wa kituo cha afya, wa kupima na kutuliza. Juu, katika hospitali ya Mwingi, watu wawili au watatu waliofunzwa tiba hii kikamilifu na wanaosimamiwa na waliowatangulia, wakiwa na chumba chenye mlango unaofungwa. Viti viwili, mlango, na mtu aliyefunzwa. Mashine hakuna. Dawa hakuna. Waheshimiwa wa bunge la kaunti mlio hapa, naomba mtakapokaa kwenye bajeti ijayo muandike mstari mmoja wa mafunzo hayo.

Mapadre na wachungaji, mkimwona muumini ambaye tangu Enziu hawezi kuvuka daraja lolote, msimwambie imani yake ni ndogo. Mleteni. Wazazi, mtoto anayekojoa kitandani baada ya ajali msimchape. Na wewe uliyeketi humu ukimya umekushika, ambaye mvua ikianza kunyesha juu ya bati moyo wako unaenda mbio, sikuombi usimame wala useme jambo. Leo jioni, ukiwa peke yako, unaweza kupiga 1199. Ni simu ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na haina malipo.